Akaba: Kuvuka Milima ya Oman kwa Mguu na kwa Baiskeli



Likizo za shule zinapokaribia, nyumba nyingi za mwambao wetu huanza kuhesabu nauli. Wako wanaokwenda Umra, na wako wanaokwenda Oman kuwazuru ami zao na halati zao, kwani tangu Lamu hadi Vanga ni michache mitaa isiyokuwa na jamaa Maskati au Nizwa. Wakirudi huja na ubani, halua na picha nyingi za maduka makubwa. Nikiwauliza, "Je, milimani mlifika?" hunijibu, "Sheikh, milima tuliiona kwa dirisha la gari."

Jawabu hilo ndilo lililonifanya niuandike ukurasa wa juma hili. Nyuma ya maduka hayo kuna njia za kale za kuvukia milima, ambazo mtu huzipita kwa miguu yake au kwa baiskeli, na wanaozifuata siku hizi wengi ni wageni waliotoka Ulaya. Jamaa zetu, ambao wazee wao huenda waliteremka kwa njia hizo hizo wakielekea baharini, hawazijui. Nami naona hiyo ni hasara, nitaieleza kwa nini.

Waarabu wana neno akaba. Ni njia ya kupanda jabali, ile inayopita pahali ambapo ukuta wa mawe umelegea kidogo ukamwachia mwanadamu nafasi ya kuvuka kwenda upande wa pili. Sisi watu wa pwani tambarare hatukulihitaji sana neno hilo. Tukilazimika husema kipito cha mlima. Kwa watu wa Oman, akaba ni neno la maisha, kama kivuko kilivyo kwa watu wa visiwani.

Milima ya Hajar imejipinda kama upinde nyuma ya pwani ya Oman, tangu Musandam hadi karibu na Sur. Upande mmoja ni Maskati na uwanda wa Batina; upande wa pili ni miji ya bara kama Nizwa na Bahla. Kati yake umesimama Jabal Akhdhar, yaani Mlima wa Kijani, ambao uwanda wake wa juu uitwao Seiq uko kiasi cha mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Karibu nao uko Jabal Shams, Mlima wa Jua, wenye kimo cha takriban mita 3,000, na huo ndio mrefu kuliko yote. Kabla ya barabara za lami, mtu wa Maskati aliyetaka kufika Nizwa aliweza kuufuata mwanya mkubwa wa bonde la Sumail, na huko ndiko misafara ilikopita. Lakini wenye vijiji vya juu, ambao dada zao waliolewa upande wa pili wa jabali, hao walipanda akaba.

Njia hizo hazikuchorwa na mpima ardhi. Zilifunguliwa kwa mikono na subira. Mlima ulipokuwa mkali mno, watu walipanga mawe juu ya mawe hata ikawa ngazi pana ya kutosha punda mwenye mzigo. Katika korongo la Muaidin, juu ya mji wa Birkat al-Mawz, ziko ngazi ambazo wenyeji huzinasibisha na Waajemi. Punda walipanda na tende na samaki mkavu, wakateremka na makomamanga, jozi na maji ya waridi.

Hapa, mama zangu, nataka mwukumbuke mrashi uliomo kabatini mwenu, ule mnaoutoa siku ya harusi na siku ya maulidi. Vijiji vya ukingo wa Seiq hulima mawaridi katika vitaru vilivyojengwa kwa ukuta wa mawe, kitaru juu ya kitaru, mfano wa ngazi inayoteremka bondeni. Maji huyapata kwa falaji, yaani mfereji mwembamba unaotoka chemchemini na kugawanywa kwa zamu, kila shamba na saa yake. Falaji ni ufundi mkubwa. Mwaka 2006 UNESCO iliziingiza falaji 5 za Oman katika urithi wa dunia, na mmoja katika hizo, Falaji al-Khatmein, uko hapo Birkat al-Mawz chini ya mlima. Mawaridi huchumwa tangu mwisho wa Machi hadi Mei, asubuhi mapema kabla jua halijakausha harufu. Kisha petali hutiwa chunguni juu ya tanuri la udongo, mvuke ukapanda, ukagusa bakuli la shaba lenye maji baridi, ukageuka matone. Jamaa wakikuletea chupa ya marashi ya Jabal yenye rangi ya kahawia na harufu ya moshi, usidhani yameharibika. Huo ni moshi wa tanuri la kale.

Basi mtu ataziona vipi njia hizi? Nitataja tatu, kutoka nyepesi hadi ngumu, ili kila nyumba ijipimie.

Ya kwanza ni akaba ya Riyam, mjini Maskati kwenyewe. Huanzia Riyam, ikapanda kwa ngazi za mawe nyuma ya mji, ikapita penye magofu ya makazi ya zamani, kisha ikateremka bondeni mpaka Matrah, nyuma ya soko. Urefu wake ni kiasi cha kilomita 2.5, na mtu asiyekwenda mbio humaliza kwa muda wa saa mbili au pungufu. Kabla barabara ya gari haijafunguliwa baina ya Maskati na Matrah, mtu alipanda mashua au alipanda njia kama hii. Mtoto wa miaka kumi aliyezoea kutembea ataiweza. Ukifika juu unaiona bandari ya Matrah chini yako, na unafahamu kwa macho yako jinsi Maskati ilivyofungwa na mawe pande zote ikabaki na mlango mmoja wa bahari. Hapo ndipo mtu hutambua kwa nini watu hawa wakawa mabaharia, na kwa nini majahazi yao yakatufikia sisi.

Ya pili iko Jabal Shams. Huanzia kijiji kidogo cha Khitaym na kufuata kando ya korongo la Nakhr, ambalo kina chake ni kiasi cha mita 1,000. Njia hii haipandi sana. Imejinyoosha ukingoni kama baraza iliyoning'inia, ukuta wa jabali mkono mmoja na uwazi mkono wa pili, kwa mwendo wa kama kilomita 3.5 hadi kijiji cha Sab. Sab hakina mtu. Nyumba zake zimejengwa chini ya mwamba uliotokeza kama paa, na vitaru vya shamba bado vinaonekana, lakini wenyewe walihama katika zama za barabara. Nani aliyeifanya njia ile ikawa pana na laini kiasi hicho? Ni miguu ya watu wa kijiji, wanaume na wanawake, waliopita hapo na mbuzi wao, na mahari, na jeneza. Njia hii haifai kwa mtoto mdogo wala kwa mwenye kizunguzungu cha urefu.

Ya tatu ni kupanda Jabal Akhdhar penyewe kutoka chini, na huu ni mwendo wa siku nzima kwa waliokwisha kujizoeza. Ambaye hawezi, na wengi wetu hatuwezi, apande kwa gari hadi juu, kisha atembee baina ya vijiji vya mawaridi, al-Aqr na al-Ayn hadi Shurayja, katika vijia vya mashambani vinavyofuata falaji. Lakini jueni kwamba hapo Birkat al-Mawz pana kizuizi cha polisi, na hawaruhusu kupanda ila gari lenye nguvu magurudumu yote manne, kwa sababu ya ukali wa mteremko.

Mteremko huo ndio unaowavuta wapanda baiskeli. Tangu mwaka 2011 mashindano ya baiskeli ya Oman yamekuwa yakiufanya mlima huu uwanja wa kuwapimia mashujaa wake. Sehemu wanayoshindania ni kilomita 5.7 tu, lakini katika kila mita 100 za mwendo, barabara huinuka zaidi ya mita 10. Mwaka 2014 aliyeshinda hapo alikuwa Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, ambaye mwaka huo na mwaka uliotangulia alitwaa mashindano yote. Vijana wetu wanaopenda baiskeli wana la kujivunia hapo.

Ila nawausia vijana hao kwamba kupanda mlima kwa baiskeli huchosha, lakini kushuka ndiko kunakoua. Apandaye atumie gia nyepesi tangu mwanzo, asingoje mapaja yamwishie nguvu. Ashukaye asishike breki mfululizo, kwani huchemka zikapoteza nguvu. Azibane na kuziachia, ya mbele na ya nyuma kwa pamoja, apunguze mwendo kabla ya kona wala si ndani ya kona. Kofia ngumu kichwani, na wala asishindane na gari.

Sasa nalijia suala ambalo najua limo vifuani mwenu. Wako watakaosema: haya ni mambo ya wanaume na ya Wazungu, mwanamke wa Kiislamu mlimani anatafuta nini? Na watasema mithali, kwamba mtembezi hula miguu yake.

Mithali hiyo ni ya kweli kwa anayezurura bila ya kusudio. Lakini tuangalie dini yetu wenyewe. Kila anayehiji au kufanya Umra, awe sultani au mchukuzi, hutembea baina ya Swafaa na Marwa mara 7, takriban kilomita 3 kwa jumla. Anafuata nyayo za nani? Ni za mwanamke, Bibi Hajar, aliyepanda kilima hiki na kushuka, akapanda kile na kushuka, akimtafutia mwanawe maji. (Wanafunzi wa madrasa wasichanganye: jina la milima ya Oman huandikwa kwa ha ya kooni, nalo maana yake ni jiwe.) Na Bwana Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, alipojificha katika pango la Thaur wakati wa Hijra, aliyetayarisha chakula chao alikuwa Bibi Asma binti Abubakar, naye wakati huo alikuwa mjamzito. Vijiji nilivyovitaja hapo juu vilisimama kwa wanawake waliochota maji, waliochuma mawaridi na waliochunga mbuzi katika miteremko. Anayesema mlima si pahali pa mwanamke hajui nani aliyeuweka mlima ukakalika.

Na katika zama zetu, Mei 2019, mama mmoja wa Oman, Nadhira al-Harthy, alifika kilele cha Everest, akawa mwanamke wa kwanza wa nchi yake kufika huko. Siwaambii mwende Everest. Nawaambia nisba ya Harthy mnaijua. Mko nayo mitaani mwenu.

Lililo la lazima ni adabu na hadhari. Mwanamke asafiri na maharimu wake au jamaa zake, avae vazi la stara lisilomkwaza. Buibui refu linaloburura hunasa katika miiba na kumwangusha mtu. Kanzu pana inayokomea juu ya vifundo, na suruali pana chini yake, inasitiri na inatembeleka. Mtandio ufungwe kwa pini usipeperuke. Viatu viwe vya soli inayoshika jiwe, si ndara. Na baiskeli kwa mwanamke si haramu kwa dhati yake. Tazama stara, pahali na wenzi wa safari.

Juu ya hadhari, nitawakumbusha msafiri mashuhuri Ibn Battuta, ambaye katika karne ya 14 alilala Mombasa usiku mmoja akielekea Kilwa. Alipofika Sur katika pwani ya Oman aliuona mji wa Qalhat kwa mbali akadhani ni karibu, akaamua kwenda kwa mguu pamoja na mwenzake na kiongozi wa njia aliyekodiwa. Kiongozi yule alikuwa na nia ya kumwibia nguo zake, makorongo yakawa mengi, maji yakawashinda kupata, na alipofika Qalhat miguu yake ilikuwa imevimba ndani ya viatu hata damu ikakaribia kumtoka chini ya kucha. Huyo ni mtu aliyeizunguka dunia, na alidanganywa na macho yake. Milimani kila kitu huonekana karibu.

Kwa hivyo, nendeni baina ya Oktoba na Machi, maana wakati wa kiangazi joto la Maskati hupita digrii 40. Chukueni nguo nzito pia, kwani Seiq ni baridi kuliko Maskati, na usiku wa Januari huko juu huumiza mifupa. Maji yawe mengi: lita 3 kwa mtu mzima kwa mwendo wa nusu siku si israfu. Na yakiwa ni ya kunywa tu, na mnaogopa kiu, basi sharia imewapa tayamamu. Msitawadhe kwa maji mtakayoyahitaji kwa uhai. Tafuteni alama za njia, mistari ya rangi ya manjano, nyeupe na nyekundu iliyopakwa juu ya mawe. Mkiwa hamjaiona kwa muda, rudini mlikoiona mara ya mwisho. Mkiona wingu juu ya milima, msiingie korongoni hata kama jua linawaka mlipo ninyi. Mvua inyeshayo mbali huteremka na mafuriko ya ghafla, na kila mara yako maisha yanayopotea kwa kudharau jambo hili. Mwambieni mtu mjini mnakwenda wapi na mtarudi saa ngapi. Mwenye maradhi ya moyo, sukari au presha amwulize daktari wake kwanza.

Wengine watasema, "Sheikh, nauli ya Oman tutaitoa wapi?" Wanasema kweli. Basi mlima uko karibu. Kutoka Mwatate, barabara ya Wundanyi inapanda milima ya Taita kwa kona baada ya kona, na huko juu kuna kilele cha Vuria chenye mita 2,208, na msitu wa Ngangao wenye ndege ambao hawapatikani popote pengine duniani ila katika milima hiyo. Watu wa Taita nao wana vijia vyao vya kale baina ya kijiji na kijiji. Shukeni garini, mwombe ruhusa, mwende na kijana wa pale anayejulikana na watu wake, mumlipe haki yake.

Nilisema mwanzo kwamba kutozijua njia hizi ni hasara. Katika Suratul Balad, Mola wetu ameitaja akaba, kisha akaifasiri: ni kumwacha huru mtumwa, na kumlisha siku ya njaa yatima aliye jamaa au maskini aliye mavumbini. Mtu wa pwani husoma aya hizo akaelewa maana yake kwa akili. Aliyepanda mlima huelewa pia kwa magoti. Anajua akaba ni jambo ambalo mwili haulitaki, ambalo huwezi kumtuma mtu akufanyie, na ambalo upande wake wa pili kuna watu wanaokungoja.

Kwani akaba zile hazikuchongwa kwa ajili ya mandhari. Wazee husema milima haikutani bali wanadamu hukutana. Binti aliyeolewa ng'ambo ya jabali alipojifungua, mama yake alifunga mzigo akapanda siku nzima ili akamwone. Leo barabara ni laini, simu iko mkononi, na wako kati yetu waliopitiwa na mwaka hawajamtembelea halati anayeishi mtaa wa pili. Mkifika juu, mkakaa juu ya jiwe mkanywa maji, mtajeni kwa jina jamaa mmoja ambaye hamjamzuru, na mkishuka, mwendeeni.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.